Wimbo wa Zamani Nilioutunga Mwaka Jana

Mama yangu alikataa kuja kunitazama jukwaani kwa miaka miwili mizima, na sababu aliitaja waziwazi, mbele ya watu, kwenye arusi ya binamu yangu kule Igalula. "Siendi kukata tiketi nikamtazame mwanangu akiimba makombo ya watu." Watu walicheka. Na mimi nilicheka nao, maana ungefanya nini, lakini pilau yangu sikuimaliza.

Makombo aliyoyasema ni mchezo wetu wa nyimbo. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu mtaa wa Ng'ambo, nashona sare za shule na magauni ya arusi, na ikifika Jumamosi alasiri nageuka mtu wa maigizo. Kundi letu lina watu tisa, na kiongozi wetu ni mjomba wangu, mdogo wake mama, mzee wa gitaa aliyeanza kupiga dansi enzi zile suruali zilikuwa pana chini. Bendi yake ilipokufa, mjomba hakukubali gitaa lilale juu ya kabati. Alikuja kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akasema, "Mpwa wangu, wewe unajua kuandika. Nyimbo ninazo. Nipe hadithi ya kuzibeba."

Nikampa. Tulichukua nyimbo za dansi za zamani, zile ambazo fundi baiskeli anazijua na mwalimu mkuu anazijua, mimi nikashona hadithi katikati. Usidhani ni kazi rahisi. Katika mchezo wa namna hiyo mwandishi hana sauti, wimbo ndio unaoamua. Mjomba alikuwa na nyimbo tatu ambazo alisema heri afe kuliko kuziacha, na kila moja inamlilia mwanamke tofauti, kwa jina lake. Basi karani wetu, mhusika mkuu, ambaye mimi nilimwandika kama mtu mpole mwenye mke mmoja, ikabidi awe na wanawake watatu. Kulikuwa na wimbo wa treni, tukamsafirisha. Kulikuwa na wimbo wa barua isiyojibiwa, tukaleta barua, ingawa kila aliyekaa ukumbini alikuwa na simu mfukoni. Na kulikuwa na wimbo wa kumsifu mlinda mlango hodari, huo sijui hata leo uliingiaje, ila karani alipewa mdogo wake anayecheza mpira, akatokea mara moja, akaimbiwa, hakuonekana tena.

Watu waliupenda jamani! Walikuja kutoka Itetemia, walikuja na watoto mgongoni. Tulianza saa kumi ili wa mbali warudi kwao jua lingali juu, na saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa. Na kwetu mtu akiguswa na wimbo hakai kitini. Anainuka, anakwenda jukwaani akicheza taratibu, anamtunza mwimbaji. Atamvisha kanga begani au atambandika noti kwenye paji la uso, atacheza naye kidogo, kisha atarudi kukaa. Ni heshima kubwa, na anayeipata ni mwimbaji. Mtunzi haonekani, na hakuna anayemuulizia.

Sasa fikiria mke wa karani amegundua ameachwa. Amepiga magoti, anaimba, machozi ya kweli yanamtoka, huyu dada ana kipaji. Na watu wamepanga foleni kumtunza. Mke anayelia ameachwa ana kanga sita mabegani, na mume aliyemwacha amesimama kando akimshikia noti zisidondoke. Nilikuwa nikichungulia nyuma ya pazia nacheka mpaka mbavu zinauma. Mwisho wa mchezo, ambapo karani anarudi nyumbani kuomba msamaha, haukupata kuonekana hata siku moja, kwa sababu wimbo wa kabla yake uliwaleta watu wote jukwaani wakacheza hadi mwenye ukumbi alipokuja kutikisa funguo zake mlangoni. Msamaha ule niliuandika kwa wiki mbili. Ulibaki daftarini.

Niliupenda mchezo ule, sitadanganya. Lakini maneno ya mama yalikuwa yananiwasha.

Inabidi umjue mama. Baba yake, babu yangu, alikuwa manju upande wa Nzega, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Baada ya mavuno vikundi viwili vilikuwa vikishindana katika uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake, na watazamaji walikuwa huru kuhama. Manju aliyekimbiwa na watu ndiye aliyeshindwa, hakuna cha jaji wala kikombe. Kwa hiyo babu alikuwa akitoweka siku tatu porini kabla ya msimu, peke yake, na akirudi ana nyimbo mpya ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Za mwaka jana hazikurudi uwanjani. Manju aliyethubutu kurudia alizomewa na watoto wadogo. Mama amekulia humo. Kwake yeye mtu mzima kuimba wimbo alioutunga mwingine ni sawa na kwenda arusini na nguo ya kuazima, tena mwenye nguo yupo anakutazama. Mjomba mwenyewe mama alimwita kasuku. Mjomba ana miaka sabini na kitu, lakini kwa dada yake ni mtoto tu. "We mtoto," alikuwa akimwambia, "baba angekusikia angekunyang'anya hilo gitaa akalichanja kuni."

Na mjomba hujibu, "Shikamoo dada," basi.

Siku ile ya arusi, wakati naondoka, mama alinishika mkono akasema kwa upole ambao hakuutumia mbele ya watu, "Siku mtakapoimba cha kwenu, nipigie. Nitakuja hata kwa miguu." Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nina wajukuu. Na bado, kwa moyo wangu wote, nilitaka mama yangu akae kiti cha mbele anisikilize.

Basi nikatunga. Miezi minne, huku nashona huku natunga, sindano ikinichoma vidole. Mchezo mzima mpya, nyimbo saba mpya, kuhusu mke wa mpagazi enzi za misafara, mume kabeba pembe za ndovu kwenda pwani, mke amebaki huku kwetu Unyanyembe na watoto. Wimbo mkubwa ulikuwa wa huyo mke, na kiitikio chake kilikuwa hivi:

Njia ya pwani, umekula nyayo za wangapi?
Za wangu niachie.

Ubeti wa tatu niliutoa nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa relini. Alihamishiwa mbele huko magharibi nikiwa na miaka saba, akasema atatuma watu kutuchukua, hakutuma. Na kila jioni mama aliweka sahani moja pembeni, akaifunika kwa ungo, akaweka jiwe juu ya ungo paka asiguse. Jiwe lenyewe la relini, jeupe, baba aliliokota. "Hicho cha baba yenu," alisema. "Asikiguse mtu." Tulikuwa watoto wanne. Tulikizunguka kile chakula kwa macho mpaka usingizi ukatuchukua. Asubuhi mama aliinua ungo akasema, "Baba yenu hakuja. Kuleni, kisiharibike." Tulikula kiporo cha baba huku tunamhurumia, yeye na mama anayemngoja, kisha tukaenda shule. Hayo yalikwenda miaka. Kwa hiyo mke wa mpagazi nikamwimbisha:

Kila jua likizama natenga sahani yako,
nafunika kwa ungo, jiwe naweka juu,
siku utakayorudi usinikute mikono mitupu.

Mjomba alizisoma zote saba, akazijaribu kwenye gitaa, akasema, "Nzuri. Hazitakwenda."

"Kwa nini?"

"Mtu akikata tiketi anataka kukutana na wimbo anaoujua. Anataka aanze kuuimba kabla yako. Huu wako mpya ataukaribisha kiti, atausalimia, lakini hatacheza nao."

"Na hizo zako si zilikuwa mpya siku moja?"

"Zilikuwa," alisema mjomba. "Lakini siku hiyo sikuwepo mimi kuuza tiketi."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali, kwa kunipenda tu. Mama sikumpigia, nilitaka kwanza nione, nisije nikaaibika mbele yake. Na nilifanya vizuri, maana niliaibika kweli. Watu walikaa wamekunja mikono kifuani. Sijawahi kuona ukumbi wa watu wote wale ukiwa kimya vile na hakuna msiba. Muuza karanga alipita mara mbili katikati ya wimbo wa mke wa mpagazi, na akauza. Kwenye wimbo wa nne mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Leteni wetu bwana!" na ukumbi ukamuunga mkono. Mjomba alinitazama kwa huruma, kisha vidole vyake vikaanza wimbo wa karani, na watu wakafufuka, viti vikaanguka, kanga zikaruka. Nilitoka nikaenda nyuma ya ukumbi, nikalia nimeegemea tangi la maji.

Mwenye ukumbi alinikuta hapo. Si mtu mbaya. "Mama," aliniambia, "hadithi yako nzuri. Ila watu wanataka kuimba pamoja nanyi. Usiwafanye wanafunzi."

Sasa linakuja kosa langu. Wazo lilikuwa la kwangu. Mjomba amejaribu mara nyingi kulibeba yeye ili anipunguzie, lakini nalikumbuka vizuri, lilitoka kwenye mdomo huu. Nilisema, "Turudi kwa karani. Ila tuingize wimbo mmoja tu wangu, ule wa mke wa mpagazi, na tuseme ni wa zamani."

Mjomba akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. "Babu yako angekulaani," alisema. "Tuseme wa zamani kiasi gani?"

Jumamosi iliyofuata, mke wa karani alipobaki peke yake nyumbani, mjomba alishika kipaza sauti. Mjomba akisema uongo hupendeza, maana hufumba macho. "Wimbo huu, ndugu zangu, hatukuutunga sisi. Tumeupokea. Waliuimba wake wa wapagazi hapa hapa Unyanyembe, misafara ikielekea pwani, na wengi wao hawakuwaona tena waume zao." Kisha yule dada mwenye kipaji akaimba. Wimbo ule ule. Maneno yale yale, gitaa lile lile, hata muuza karanga alikuwa yule yule, ila safari hii alisimama.

Kwenye kiitikio cha pili nikasikia watu wanavuta pumzi. Na kwenye ubeti wa tatu bibi mmoja wa Itetemia, mtu mzima hasa, akainuka na fimbo yake akapaza sauti, "Huo! Huo bibi yangu alikuwa akituimbia tukibangua karanga!" Akaenda jukwaani mdogo mdogo, akamvisha mwimbaji kanga, akamnong'oneza kitu. Baadaye nikamuuliza dada alinong'onezwa nini. Alisema, "Kanisahihisha neno moja. Eti bibi yake hakulisema hivyo."

Tangu siku hiyo wimbo ulitoka mikononi mwangu. Wiki ya tatu ukumbi wote ulikuwa unaimba kiitikio kabla yetu, kama mjomba alivyosema watu wanavyotaka. Wakauimba kwenye arusi. Wakauimba wakipakia tumbaku. Mteja wangu mmoja alikuja kupima gauni huku anauimba, nikampima kiuno mara tatu nakosea. Mwishowe redio ya hapa mjini ikatuma mtangazaji na mashine yake ya kurekodi, kijana mstaarabu, akatusikiliza, akauliza, "Mtunzi wa wimbo huu ni nani?"

 Mjomba alinitazama mimi. Na mimi nikasema, "Hajulikani."

Nilikuwa naogopa. Ukumbi ulikuwa umejaa, kundi zima lilikuwa linakula kwa ule wimbo, na mjomba alikuwa ameniambia wazi kwamba watu wakijua ni mpya wataukunjia mikono kama mwanzo. Lakini nilipolala nililiwaza neno lile, hajulikani, na nikajiona mjinga.

Jumatatu nikampigia mama. Nilidhamiria kumwambia kila kitu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kikwetu. Tukaulizana afya, mbuzi, mvua. Kisha nikasema, "Mama, tuna wimbo sasa. Nataka uje."

"Nimeusikia," akasema. "Redioni. Ule wa wapagazi. Ah, huo wimbo mzuri mwanangu! Unaona watu wa zamani walivyokuwa wakitunga? Mtu kabeba pembe, miguu inatoka damu, mkewe nyumbani anatunga kitu kama kile. Sasa nyinyi mna cherehani, mna umeme, mnaokota tu. Mwambie mdogo wangu nasema angalau safari hii kaokota kitu cha maana."

 Maneno niliyoyasubiri tangu utotoni, mama yangu ameyasema, tena yote, na amewapa watu ambao hawakuwahi kuwepo. Kumwambia nini? Kwamba ni wangu, na kwamba nimeudanganya mji mzima, mimi binti yake, mjukuu wa manju? Mama anachukia uongo kuliko wizi. Nikasema, "Nitamwambia," nikakata simu. Siku hiyo nilifumua mkono wa gauni ambao nilikuwa nimeushona sawasawa.

Zikapita wiki tatu. Jumamosi moja nipo nyuma ya pazia nimeshavaa kilemba cha mama mkwe wa karani, ndiyo nafasi yangu mchezoni, nikachungulia. Kiti cha mbele, katikati, amekaa mama. Pochi mapajani, kikapu miguuni, mgongo umenyooka. Alikuja na treni kutoka Igalula, hakumwambia mtu, na mlangoni walipomtambua wakataka aingie bure alikataa akakata tiketi kama wengine. Mjomba alipomwona, gitaa lilikosea nota, na mjomba hakosei nota.

Ulipofika wakati wa wimbo, mjomba alishika kipaza sauti akajaribu kufumba macho, hayakufumbika. "Wimbo huu, ndugu zangu," alisema, "tumeupokea," akaishia hapo. Dada akaimba. Ubeti wa kwanza, wa pili. Ulipofika wa tatu, kwenye jiwe, mama akainuka. Watu wakampisha wakidhani anakwenda kutunza. Wengine walishaanza kupiga vigelegele. Yeye akapanda jukwaani, akanyoosha mkono, na dada wa watu akampa kipaza sauti bila kuulizwa. Mama ana namna hiyo.

"Wakubwa zangu shikamooni," alisema. "Wadogo zangu hamjambo. Wimbo huu si wa zamani."

Vigelegele vikakatika.

"Nimeusikiliza redioni mara tano. Mara nne nilidanganyika. Mara ya tano nikasikia lile jiwe. Jiwe lile ni langu. Siku zote hukaa dirishani kwangu Igalula. Hakuna mke wa mpagazi aliyewahi kula kwangu. Aliyetunga wimbo huu ni mwanangu, yupo nyuma ya pazia hapo amevaa kilemba kisicho chake. Toka."

Nilitoka. Kilemba kilikuwa kimeniteremkia jicho moja. Bibi wa Itetemia akasimama na fimbo yake. "Si kweli! Mimi huu wimbo nimeimbiwa utotoni!"

"Shikamoo, mama," mama alimwambia kwa heshima zote. "Wewe umejaliwa, maana wimbo wenyewe umetungwa mwaka jana."

Watu walicheka, bibi naye akacheka akaketi, lakini nilimsikia akimwambia jirani yake kuwa bibi yake alikuwa akiuimba hata hivyo. Nilingoja kuzomewa. Niliwatazama watu wangu wa kila Jumamosi nikasema moyoni, haya, sasa hivi. Mama hakuwapa nafasi.

"Na ubeti wa tatu amekosea," alisema. Akamgeukia mjomba. "We mtoto, piga."

"Shikamoo dada," akasema mjomba, akapiga. Na mama, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba mbele ya watu maisha yangu yote, akaimba kwa sauti nyembamba ya kizee isiyotetereka:

Sahani niliyofunika haikuwa yako wewe,
ilikuwa ya wanao, ya asubuhi, nikaipa jina lako,
wasije wakaimaliza kabla jua halijatoka.

Sikuelewa papo hapo. Nilisimama na kilemba changu kama gogo. Kisha nikaona ile jioni, watoto wanne na ugali mwembamba, hatujashiba, na sahani pembeni. Angesema ni yetu tungeikomba palepale, na asubuhi tungeenda shule na maji ya kunywa. Kwa hiyo alisema ya baba, na jina la baba tuliliogopa. Kumbe hakuwa akimngoja mtu. Zaidi ya miaka arobaini nimemhurumia mama yangu kwa kusubiri, nikamtungia na wimbo juu yake, na yeye hata siku moja hakusubiri. Alikuwa anatulisha.

Nililia hadharani, sikujizuia. Mama alirudisha kipaza sauti kwa mwimbaji, akavua kanga yake begani, watu wakadhani anamvisha yule dada. Akampita. Akaja kwangu, akanivua kilemba cha mama mkwe, akanivisha kanga yake, akaivuta ikae vizuri. Haikuwahi kutokea ukumbini mwetu mtunzi kutunzwa. Nyuma yake wakafuata wengine, na wa kwanza alikuwa yule bibi wa fimbo.

Kisha mama aliwageukia watu wote waliojaa jukwaani akasema, "Sasa kaeni. Nimelipa, nataka nione huyu karani anaishia wapi." Wakakaa! Basi kwa mara ya kwanza tangu tuanze, msamaha wangu uliimbwa mpaka neno la mwisho, watu wakimtazama mama kwa hofu asije akawafokea. Ulipokwisha alipiga makofi kidogo. "Msamaha mrefu mno," aliniambia tukitoka. "Wanaume hawaombi hivyo. Na wa kweli harudi."

Wimbo haukufa, mjomba alikosea. Wengi wanajua sasa kuwa ni wangu, wengine mpaka leo watakuapia ni wa misafara, na beti zinazoimbwa arusini ni nne, wa nne ukiwa wa mama. Mjomba sasa anautangaza akiwa ameyafumbua macho. Ameniagiza wimbo mpya kila baada ya mavuno, na anasema watu waliuliza. Sijui kama kweli waliuliza au ni yeye.

Mama alilala kwangu Ng'ambo siku ile, na Jumapili niliamka nikakuta ameshakwenda uani kufagia. Mezani kulikuwa na sahani imefunikwa kwa ungo wangu, na juu ya ungo jiwe jeupe. Alikuwa amelileta kutoka Igalula ndani ya kikapu, nadhani kama ushahidi, ikiwa ningekana. Nikainua ungo. Ugali wa jana na maharage.

"Mama, cha nani hiki?" nikauliza kupitia dirisha.

Aliacha kufagia. "Chako," alisema. "Siku zote kilikuwa chako."

Nikavuta kiti, nikala.